Je, Mlevi Ahukumiwe au Atibiwe?

Liko swali moja ambalo huyagawa mabaraza ya wazee wa kanisa, huwagawa jamaa wa nyumba moja, na mara nyingine huugawa moyo wa mtu mmoja ndani yake mwenyewe. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyetekwa na pombe, au na unga, au na kitu cho chote kilevyacho, je, ni mwenye dhambi wa kuhukumiwa, au ni mgonjwa wa kutibiwa? Wengi hudhani hapana budi kuchagua moja na kuliacha la pili. Katika makala haya nataka kuonyesha ya kuwa swali likiulizwa hivyo limekwisha kupotoka, na ya kuwa upotofu huo, ingawa ni wa maneno tu, huua watu.

Jambo hili si la nchi za mbali. Sisi wa mkoa wa Songwe twakaa njiani. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, na barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita kwetu, na pale Tunduma malori ya kwenda Zambia na Kongo husimama yakingoja kuvuka Nakonde. Njia hiyo hutuletea riziki, na kahawa ya Mbozi hupita humo humo kwenda sokoni. Lakini njia haichagui mizigo. Dereva mwenye kungoja hutafuta cha kumwondolea uchovu. Kijana mpakiaji, mwenye ujira wa kutwa mkononi, hutafuta cha kumsahaulisha jasho. Na wafanyao biashara ya unga wayajua hayo yote. Huko vijijini nako, Mbozi, Momba na Ileje, kuna komoni, kuna pombe ya ulezi, kuna gongo. Viroba, vile vifuko vya plastiki vyenye pombe kali, vilipigwa marufuku na serikali ya Tanzania tangu tarehe 1 Machi 2017, na wengi walishukuru. Hata hivyo kiu ya yule aliyekwisha kuzoea haikupigwa marufuku pamoja navyo.

Wasemao ni dhambi

Tuwasikilize kwanza wale wasemao ya kuwa mlevi ni mkosaji tu. Wasema hivi: kikombe alikiinua kwa mkono wake mwenyewe, wala hakushikwa shingo. Mtu mwenye malaria hauzi mahindi ya mke wake ili apate malaria zaidi. Mtu mwenye kifua kikuu hapigi watoto. Tukisema huyu ni mgonjwa, tumempa kinga ya kujifichia, na wale aliowaumiza tumewanyang'anya hata haki ya kulalamika.

Maneno haya yana ukweli, tena ukweli mzito. Anayemlaumu mlevi angali anamhesabu kuwa ni mtu. Hatumlaumu ng'ombe aliyevunja ua, twatafuta mwenye ng'ombe. Lawama, kwa namna yake, ni heshima: yasema kwamba wewe uliweza kutenda vingine. Mke aliyeona ada ya shule ikinywewa jioni moja ana haki ya kusikia kwamba alitendewa ubaya, wala asijibiwe kwa jina la ugonjwa kana kwamba mvua ya mawe imenyesha juu ya shamba lake.

Wasemao ni ugonjwa

Kisha wako wasemao ni ugonjwa. Hao nao si wa jana. Mwaka 1784 Benjamin Rush, daktari wa Philadelphia huko Marekani, aliandika juu ya madhara ya pombe kali, akifundisha kwamba mazoea hayo huja kuwa maradhi. Mwaka 1804 Thomas Trotter, aliyekuwa daktari wa jeshi la wanamaji la Uingereza, aliandika kitabu kizima juu ya ulevi, akiueleza kuwa ni ugonjwa wa akili. Tangu siku zao elimu imeongezeka sana. Twajua leo ya kuwa ubongo uliolowekwa katika pombe kila siku kwa miaka hujirekebisha ili uweze kufanya kazi pamoja na pombe, hata pombe ikiondolewa ghafula, ubongo huo hutetemeka kama gari lililokatika breki mteremkoni. Twajua pia ya kuwa udhaifu huu hurithiwa kwa sehemu. Mwaka 1973 Donald Goodwin na wenzake walitangaza uchunguzi walioufanya Denmark juu ya wana wa walevi waliochukuliwa wachanga wakalelewa na watu wengine. Ingawa hawakulelewa na baba zao walevi, wana hao walipatwa na ulevi karibu mara nne kuliko watoto wengine waliolelewa vile vile.

Haya nayo ni kweli. Lakini tukiyafuata peke yake hata mwisho, twafika mahali pabaya. Mtu amekuwa gogo lichukuliwalo na mto. Hakuna awezaye kumwita ageuke, maana gogo haligeuki kwa kuitwa. Wala yeye mwenyewe hana sababu ya kujaribu. Nani atamwambia gogo lijikaze?

Nguvu iliyobaki

Basi tutafanyaje? Mimi naona kosa la pande zote mbili ni moja. Wote wawili hudhani uhuru wa mtu ni kama shilingi, ama iko mfukoni ama haiko. Lakini uhuru wafanana zaidi na mkono. Mkono uliovunjika bado ni mkono wake mwenyewe. Hawezi kuinua gunia nao, lakini aweza kuunyosha ufungwe. Tukimwambia, "Inua gunia kama wenzako," twamdhihaki. Tukimwambia, "Wewe huna mkono," twamdanganya. Neno la haki ni kumwambia, "Nyosha hapo unapoweza, sisi tutafunga."

Mtume Paulo, katika mlango wa saba wa Waraka kwa Warumi, ameeleza hali ya mtu apendaye jema na kujiona akitenda baya asilolitaka. Yafaa tuangalie ya kuwa hakusema kwamba mtu huyo hana hatia, wala hakusema aweza kujiponya kwa kukaza meno. Alitafuta wa kumwokoa. Hapo ndipo penye fundisho: wajibu wa mtu hupimwa kwa nguvu iliyobaki kwake, na wajibu uliosalia huwaangukia wale wenye nguvu. Mraibu amebakiwa na nguvu kidogo. Aweza kusema ndiyo kwa siku ya leo. Aweza kutembea hata mlangoni pa zahanati. Asipofanya hilo, ana hatia ya hilo. Akilifanya na kukuta mlango umefungwa, hatia imehama, imetujia sisi.

Tena tutofautishe maswali mawili. Hukumu huuliza habari za jana: nani alitenda, na alipe nini? Tiba huuliza habari za kesho: mtu huyu ataishije? Maswali yote mawili ni halali, lakini hayaulizwi kwa saa moja wala na mtu mmoja. Mwizi akiumwa na nyoka katika shamba lako la mahindi, utampeleka zahanati kwanza, na kesi ya mahindi itangoja. Hakuna mzee wa baraza, hata awe mkali namna gani, atakayesema afe kwanza ndipo tujue aliiba magunia mangapi.

Juhudi isiyo na maarifa

Nilisema upotofu huu huua. Nieleze sasa, maana habari hii yapaswa kujulikana katika kila nyumba.

Tumfikirie mtu mmoja, tusimtaje jina, kwa kuwa yuko katika kila kijiji. Amekunywa pombe kali kila siku, asubuhi hata usiku, miaka kumi. Siku moja jamaa zake wanakasirika, au yeye mwenyewe anatubu kwa machozi. Anafungiwa chumbani, au anapelekwa mahali pa maombi, naye haonji tena hata tone. Siku hiyo hiyo mikono yaanza kutetemeka na jasho kumtoka. Siku ya kwanza au ya pili aweza kuanguka kifafa. Siku ya pili hata ya nne aweza kuona wadudu ukutani wasiokuwapo, asijue yuko wapi, moyo ukaenda mbio na mwili ukawaka moto. Watazamaji husema ni pepo aliyekataa kutoka. Kumbe ni ubongo ulionyang'anywa ghafula kitu uliochokizoea, na asipotibiwa aweza kufa. Dawa zake zajulikana, wala si za ajabu: vidonge vya kutuliza vitolewavyo na tabibu kwa kipimo, vikipunguzwa siku kwa siku, pamoja na maji na vitamini B1. Mtu wa namna hii asiachishwe pombe ghafula bila tabibu kujua. Kumwombea ni vema, lakini aombewe akiwa kitandani pa hospitali.

Kwa mtumiaji wa heroini, ambayo watu huiita unga, hatari yenyewe hukaa mahali pengine. Kuacha kwake kwamtesa sana kwa muda wa juma moja hivi, kwa maumivu ya mifupa, kutapika na kukosa usingizi, lakini kwa kawaida mateso hayo hayaui. Kinachoua ni kurudi. Baada ya majuma machache bila unga, gerezani au katika nyumba ya kujitenga, mwili umesahau kuuvumilia. Siku ajaribuyo kipimo chake cha zamani, pumzi yake husimama. Tena jamaa wale waliomshangilia kwa kuacha ndio wamzikao, wasijue ya kuwa majuma yale ya ushindi yalikuwa pia majuma ya hatari kuu.

Mwenye nyumba ya wageni

Sote twaujua mfano wa Msamaria katika Injili ya Luka. Katika mahubiri mengi sifa zote humwendea Msamaria, kwa haki. Lakini tuangalie jinsi habari yenyewe ilivyo. Msamaria alikaa na yule majeruhi usiku mmoja. Kulipopambazuka alitoa dinari mbili, akamkabidhi mtu yule kwa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa gharama iliyozidi atakaporudi, akashika njia yake. Nani basi aliyebadili vitambaa siku ya tatu? Nani aliyemnywesha uji siku ya tano, na kusikia akipiga kelele usiku? Ni mwenye nyumba ya wageni, ambaye jina lake hatukupewa, wala hatuambiwi kama alishukuriwa.

Uraibu si jeraha la usiku mmoja. Ni ugonjwa wa miaka, wenye kuanguka na kuinuka, kama vile shinikizo la damu au kisukari. Kwa hiyo wahitaji zaidi mwenye nyumba kuliko mpita njia. Na katika kazi ya uganga, mwenye nyumba huyo ndiye daktari wa familia: yule ambaye si daktari wa moyo peke yake wala wa macho peke yake, bali ni daktari wa watu wa mahali fulani, tangu mtoto anyonyaye hata babu, mwaka baada ya mwaka.

Nchi nyingine zimeujaribu ukweli huu. Mwaka 1965 daktari Vincent Dole na daktari Marie Nyswander walitangaza huko New York ya kuwa dawa iitwayo methadoni, ikinywewa mara moja kwa siku, huwatuliza waliotekwa na heroini, hata wakaweza kufanya kazi na kukaa na watu. Lakini kwa muda mrefu tiba hiyo ilifungiwa katika kliniki za pekee. Ufaransa ilikata shauri jingine. Tangu mwaka 1996 madaktari wa kawaida wa mitaani waliruhusiwa kuandikia waraibu wa heroini dawa ya jamii hiyo, iitwayo buprenofini. Makumi elfu ya watu wakatibiwa na madaktari wa karibu na kwao, na vifo vya waliozidisha heroini vilipungua kwa zaidi ya robo tatu kati ya mwaka 1995 na 1999. Huko Edinburgh, Uskoti, Roy Robertson alikuwa daktari wa kawaida katika mtaa maskini wa Muirhouse. Mwaka 1986 yeye na wenzake walitangaza kwamba, kati ya wagonjwa wao wajidungao heroini waliopimwa damu, zaidi kidogo ya nusu walikuwa na virusi vya UKIMWI, kwa sababu ya kuchangia sindano. Habari hiyo iliwashtua watawala. Ilijulikana kwa kuwa alikuwako daktari wa jirani ambaye hakuwafukuza watu wale mlangoni.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini tiba iwe karibu na nyumbani? Si afadhali mtu apelekwe mbali na marafiki wabaya? Jibu limo katika habari ya askari wa Marekani waliopigana Vietnam. Wengi walizoea heroini huko, na serikali yao ikaogopa watakaporudi. Lee Robins aliwafuatia, akaona ya kuwa kati ya wale waliokuwa wametekwa kabisa, kama mmoja tu katika wanane alirudia kutekwa katika miaka mitatu baada ya kufika kwao. Waliiacha vita, wakayaacha na mazoea waliyoyapata vitani. Yaani mahali napo huchukua sehemu ya kiu. Kijana wa Tunduma akipelekwa mji wa mbali miezi sita, aweza kupona kabisa huko. Kisha hurudi kwenye maegesho yale yale, kwa wenzake wale wale, na kiu iliyobaki mahali pale huamka kumlaki. Nyumba za upataji nafuu zafanya kazi njema, wala sizikatazi. Lakini yupo nani wa kumpokea siku ashukapo katika basi?

Kwetu Tanzania

Nchi yetu haikukaa kimya. Mwezi wa Februari mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini. Tiba hiyo ikaenea katika hospitali nyingine za Dar es Salaam, ikafika Mbeya mwaka 2017, na baadaye mikoa mingine. Mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu, siku kwa siku, hasa katika miezi ya mwanzo. Hapo hakimu hatakiwi, yatakiwa nauli. Toka Tunduma mpaka Mbeya ni kilometa 100 na zaidi. Hata kliniki ikijengwa katika kila mji, mtu wa kijiji cha ndani ya Momba atakuwa na safari mbele yake kila kunapokucha.

Madaktari wenye shahada ya udaktari wa familia ni wachache bado katika Afrika ya Mashariki. Chuo Kikuu cha Moi huko Eldoret kilianza kuwafundisha mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Aga Khan huwafundisha Dar es Salaam. Lakini tusingoje shahada. Mpango wa serikali ulioanza mwaka 2007 ulikusudia kila kijiji kipate zahanati na kila kata kituo cha afya, na katika zahanati hiyo yuko tabibu au muuguzi ambaye, kwa kazi yake, ni daktari wa familia tayari. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2008 mpango wa kuwafundisha watu kama hao kutibu magonjwa ya akili na ya ulevi pasipo kungoja bingwa. Lina maswali kumi ya kupima unywaji, yaliyotungwa baada ya uchunguzi wa nchi sita, na Kenya ilikuwa mojawapo. Maswali yenyewe ni mepesi: hunywa mara ngapi, hunywa kiasi gani, je, umewahi kushindwa kuacha ulipoanza? Ni dakika chache tu. Na imethibitishwa mara nyingi ya kuwa mazungumzo mafupi ya tabibu, yasiyo na matukano, huwasaidia wengi kupunguza kabla hawajatekwa kabisa.

Tabibu wa namna hiyo huona asichokiona bingwa wa mjini. Aona kadi ya kliniki ya mtoto, uzito wake umesimama miezi mitatu. Aona alama mkononi mwa mama, ambaye amesema ameanguka. Aona baba aliyekuja kwa tumbo kwa mara ya nne. Kwa mwingine hizi ni habari tatu. Kwake ni habari moja.

Siri ya nyumba

Hapa ndipo penye ugumu, wala tusiufiche. Daktari wa nyumba nzima ana deni kwa kila mmoja wa nyumba. Mume amemwambia kwa siri kwamba amerudia kunywa. Kesho mke aja na mtoto, auliza, "Daktari, mume wangu anakunywa tena?" Ajibuje? Akisema, mume hatarudi tena, na wanaume wote wa kijiji watajua ya kuwa zahanati ni mahali pa kuuzwa. Akinyamaza, huenda mke akaumizwa usiku huo.

Mimi naona kanuni iwe hivi. Siri ni mali ya mgonjwa, na daktari asiwe mpelelezi wa mke, wala wa mchungaji, wala wa mwajiri. Lakini hakuna mtu awezaye kuweka akiba ya siri katika damu ya mwenzake. Palipo na hatari ya uhai, daktari amwambie mgonjwa kwanza, uso kwa uso, "Jambo hili sitalifunika," kisha atende lipasalo ili mama na watoto wawe salama. Wala pasiwe mtu wa kumwambia mke huyo kwamba kwa kuwa mumewe ni mgonjwa, yampasa akae apigwe hata tiba ifaulu. Ugonjwa wa mume humpa mke sababu ya kumhurumia. Haumpi mume ruhusa. Mke akiondoka na watoto wake kwenda kwa ndugu zake kwa muda, hajavunja pendo, ameokoa uhai.

Mashaka mawili

Wako wasemao, methadoni ni kubadili bwana mmoja kwa bwana mwingine. Jana alikuwa mtumwa wa unga, leo ni mtumwa wa kikombe cha hospitali. Neno hili lastahili jibu. Ni kweli ya kuwa dawa humfunga mtu, na wengine hukaa nayo miaka. Lakini bwana hujulikana kwa anachokudai. Unga ulimdai wizi, ukamdai afya, ukamdai mama yake amfungie mlango. Dawa ikipimwa sawasawa hailevyi. Yamdai afike kliniki kwa saa, na saa nyingine zote zimebaki zake. Mwenye kisukari naye amefungwa na sindano yake kila siku, wala hatumwiti mtumwa. Tuutazame mti kwa matunda yake: je, amerudi kazini, amerudi mezani pa watoto wake?

Wengine wauliza, ni haki gani kumtibu aliyejitakia, hali mama mjamzito akosa dawa? Najibu, mama asikose, na tupige kelele kwa ajili yake. Lakini tukianza kuwapanga wagonjwa kwa hatia zao, foleni itakuwa fupi sana. Aliyeendesha pikipiki mbio ajitoe, na asiyetundika chandarua ajitoe, na mimi na wewe tutajitoa kwa sababu nyingine. Tena amtibuye baba mmoja ametibu na watoto ambao hawakujitakia neno lo lote.

Dinari mbili

Tuna nini basi mikononi, sisi tusio madaktari? Tuna zile dinari mbili. Msamaria hakuwa tabibu, lakini bila fedha yake na ahadi yake ya kurudi, mwenye nyumba ya wageni angelemewa. Wazee wa kanisa, mnapomwondoa mtu katika ushirika kwa ajili ya ulevi, msimwandike kitabuni na kumsahau. Mpeni mtu mmoja wa kumsindikiza zahanati, wa kumwuliza hali kila juma, asiyechoka akianguka mara ya tatu. Sharika zinazochanga kwa ajili ya bati zaweza kuchanga na nauli ya kwenda kliniki. Akina mama wapikao pombe ili wapate ada za watoto, wengine wao wakiwa wajane, wasitukanwe tu; watafutiwe kazi nyingine, maana njaa haiachishwi kwa mahubiri. Jamaa za mlevi, msimfungie ndani kwa hasira; mwulizeni tabibu kwanza. Nawe unywaye, ukisoma haya kwa siri, hutakiwi leo kuwa shujaa wa miaka kumi ijayo. Nenda mpaka mlangoni pa zahanati, useme neno moja la kweli.

Hukumu ya mwisho si yetu, wala hatujui ni nani atakayesimama mbele ya mwenzake siku ile. Tujualo ni kwamba nyumba ya wageni iko kijijini mwetu, mlango wake uko wazi mchana, na ndani yake yuko mtu mmoja aliyechoka, mwenye wagonjwa wengi na dawa chache, anayengoja kuona kama yuko mtu atakayerudi kulipa gharama iliyozidi.